Mwanamume Haachwi

Stendi ilikuwa imefurika asubuhi ile, na katikati ya watu likaja jitu la futi saba kasoro, suruali ya mazoezi ikimwishia juu ya vifundo, linaruka kwa mguu mmoja. Soli ya kiatu ilikuwa imefumuka.

"Fundi, niokoe. Basi la timu linaondoka."

Fundi viatu, binti aliyepokea kibanda kwa babake mzee, akakigeuza kiatu huku na huku. "Hiki kiatu au mtumbwi?"

"Shona tu, mrembo. Siku moja nitakuvusha nacho."

Namba ya simu ya fundi aliisoma kwenye kibao cha kibanda. Jioni alipiga kushukuru; kesho yake akapiga bila sababu.

Alikuwa mchezaji wa kikapu wa kulipwa: klabu nane kwa miaka kumi na moja, na hakuna hata moja iliyomweka kwenye bango. Siku fundi alipokwenda kumtazama, aliingizwa dakika sita tu. Aliparamia kila mpira uliogonga ringi, akaanguka mara nne, akainuka mara nne, kisha akarudi benchi kuwashangilia wenzake. Fundi alimpenda hapo hapo.

Msimu ulipokwisha, simu ikalia.

"Mpenzi, nimeachwa."

"Umeachwa? Kumbe ulikuwa na mke?"

Fundi akakata simu. Siku tatu hakupokea simu, na kwa hasira alijigonga nyundo kidoleni mara mbili.

Siku ya nne jitu likainama mlangoni. "Mke gani? Klabu ndiyo imeniacha."

"Mwanamume haachwi, anaacha. Si ungesema mkataba umekwisha?"

"Sisi wachezaji ndivyo tunavyosema. Na ndivyo inavyouma." Akakaa kwenye kigoda, magoti yakamfika kidevuni. "Klabu ya tisa imeniita. Ni mbali, safari ya siku nzima. Nimechoka kuhama peke yangu. Nataka nikuoe, twende wote."

Fundi alizitazama kalibu za kuundia viatu za babake ukutani. Kukiacha kibanda kulimuuma, na kumwacha huyu kungemuuma zaidi.

"Huko watu wanavaa viatu?"

"Wanavaa."

"Basi Jumapili uje nyumbani uzungumze na baba."

"Na akinikataa?"

"Umeshaachwa mara nane ukainuka. Ya tisa ndiyo itakuua?"

Akacheka, kisha akauliza aje saa ngapi.