Kete Nyeupe za Kanyenye

Mwizi alizichukua kete nyeupe zote, akaziacha nyeusi zimejipanga kwenye ubao zikitazama nafasi tupu.

Inspekta Minza Lugembe alisimama mbele ya kabati la vioo sebuleni kwa Mzee Reveriani, Kanyenye, mjini Tabora, akaziangalia kwa muda. Alizijua. Utotoni, kila Jumapili baada ya misa, alikaa katika sebule hii akiwatazama watu watatu wakicheza sataranji kwa zamu: marehemu baba yake, Mzee Reveriani, na rafiki yao Dismasi aliyekuwa mfanyakazi wa reli. Nyeusi zilichongwa kwa mpingo, nyeupe kwa mfupa wa ng'ombe. Babu yake Reveriani, mpagazi wa misafara, alizipata kwa tajiri wake pale Kwihara, akazitunza mpaka alipokufa.

Siku zile chumba kilinukia kahawa. Sasa kilinukia dawa ya kuchua.

Theodora, binti wa mwenye nyumba, alikuwa amekwisha kutoa hukumu. Mwizi ni Gaudensia, dada wa kazi kutoka Ulyankulu, kwenye makazi ya wakimbizi wa Burundi, kwa kuwa ndiye aliyebaki na mzee mchana. Konstebo alikuwa ameshamweka mahabusu.

"Ulimwona akichukua?" Minza aliuliza.

"Sikuwepo."

"Alikutwa na kete?"

"Hapana. Lakini hawa watu wa makambini, Afande, utawaamini?"

"Amezaliwa Ulyankulu kama wewe ulivyozaliwa Kanyenye. Nimeuliza kuhusu kete."



Kule kituoni Gaudensia hakulia. Alieleza kwamba mzee alipolala yeye alikwenda sokoni, akaurudishia mlango bila kuufunga, kama siku zote. Alikuwa na swali moja tu.

"Nikitoka hapa, nani atanipa kazi Tabora? Nguo ikichafuka inafuliwa. Jina je?"

 Minza alirudi Kanyenye.

Kabati halikuvunjwa. Lilifunguliwa kwa ufunguo wake, unaokaa nyuma ya picha ya Bikira Maria, kisha ufunguo ukarudishwa. Alama za vidole kwenye kioo zilikuwa pana, za mtu wa jembe, wala hazikufanana na za Gaudensia. Tena mwizi wa kuuza angeanza na mpingo, na nusu ya kete haina mnunuzi. Aliyezichukua hakutaka mali. Alitaka kusema neno.

Alimuuliza mzee nani huja kumtembelea. Hakuna, alijibu. Miguu ilikuwa inamsumbua, siku hizi alicheza kwa simu tu.

"Na Mzee Dismasi?"

"Naye kwa simu."

"Mchezo wa mwisho alishinda nani?"

Mzee alikuna goti. "Haukuisha."

"Na wa kabla yake?"

"Nao haukuisha."

Minza alitoa simu yake, akamwalika mchezo hapo hapo. Programu ikampa Minza nyeupe. Kabla hajasogeza kete hata moja, maandishi yakatokea: mchezo umefutwa.

"Mbona umefuta, Baba?"

"Imenipa nyeusi. Ukifuta kabla ya hatua ya kwanza hupotezi alama. Si kosa. Programu yenyewe inaruhusu."

Ni kweli, haikuwa kosa. Lakini Minza alikumbuka jinsi wazee hawa walivyokuwa wakianza. Mmoja alificha kete mbili, nyeupe ngumi hii na nyeusi ngumi ile, mwenzake akagonga ngumi moja. Uliyoigonga ndiyo yako. Baba yake aliwahi kupata nyeusi Jumapili nzima, akacheka, akaagiza kahawa nyingine.

Aliwasha gari, akaelekea Ntalikwa, kijiji ambako Mzee Dismasi alilima tangu astaafu reli.

Mzee Dismasi alikuwa uani akimenya karanga. Tangu mkewe Esperansi azikwe alibaki peke yake, na nyumba ilionyesha.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu." Alitazama nyuma ya Minza, barabarani. "Nilidhani atakuja yeye."

"Nani?"

"Reveriani. Nani mwingine angechukua nyeupe peke yake? Nilijua atajua ni mimi. Nilitaka aje anitukane, halafu tukae."

Hakusubiri kuulizwa. Kila jioni, alisema, alipanda mwinuko wa nyuma ya kanisa, mahali mtandao unaposhika, akamwalika rafiki yake. Kila alipopewa nyeupe yeye Dismasi, mchezo ulifutwa. Akialika tena, unafutwa tena.

"Sikutafuta ushindi, Minza. Tangu mama yenu Esperansi aondoke, mchezo ule ndio ulikuwa mazungumzo yangu. Afadhali mtu akushinde. Kukufuta ni kukuonyesha mlango kabla hujakaa. Nikasema, kama anazipenda nyeupe kiasi hicho, abaki na nyeusi."

"Kuna binti yuko mahabusu kwa ajili ya kete hizo."

Mikono ya mzee ilisimama. Hilo hakulijua. Aliingia ndani, akatoka na furushi la kitenge na kofia yake kichwani.

"Twende."

Kituoni aliomba kwanza kumwona Gaudensia, akavua kofia na kumtaka radhi. Gaudensia alimsikiliza mpaka mwisho, akasema amemsamehe, kisha akamgeukia Theodora, aliyekuwa ameitwa kituoni. Kazini harudi. Alitaka nguo zake, na Theodora aseme langoni kwao, majirani wakisikia, kwamba Gaudensia hakuiba. Jioni ile ile Theodora alisema, kwa sauti ya chini. Gaudensia alimwambia arudie.

Kule kituoni Reveriani aliletwa kwa bajaji. Aliondoa shauri bila kulizungumza sana, akaketi benchi moja na Dismasi. Furushi lilikuwa katikati yao.

"Nikipewa nyeupe," Reveriani alisema hatimaye, "mkono unajua njia wenyewe. Nimeanza vile vile tangu ujana. Nikipewa nyeusi lazima nikufuate wewe, nifikiri. Na nikifikiri napotea. Nasahau zamu ni ya nani. Juzi nilimwita Theodora kwa jina la mama yake."

"Ungeniambia."

"Umetoka kumzika mkeo, Dismasi. Nikuambie na mimi naondoka?"

 Dismasi aliliondoa furushi katikati, akaliweka magotini, akasogea.

Konstebo alikuja kuuliza kama wazee waondoke, zamu inabadilika. Minza alimwambia awaache.