Jiwe la Bibi Nyamburi

Flora alikuta unga mbichi juu ya jiwe la kusagia, na jiwe lenyewe lina joto. Mwenye jiwe, bibi yake Nyamburi, alikuwa kaburini mwezi wa tatu sasa, na mlango wa stoo ulikuwa na kufuli mpaka Flora mwenyewe alipoufungua.

"Mama, nani kasaga ulezi?"

Yuliana hakuinua macho kutoka kwenye sufuria. "Hakuna ulezi humu tangu mazishi. Funga mlango, mwanangu."

Flora alikuwa amerudi Butiama kutoka chuoni kwa jambo moja: shamba. Kwao mtoto ni wa ukoo wa mama. Mjomba wake Isaya alilishika shamba lile kwa kuwa tu ni mwana wa Nyamburi, na baada yake lilikuwa la watoto wa dada yake. Dada huyo ni Yuliana, na mtoto wake ni mmoja, Flora. Sasa Isaya alikuwa ameuandikisha ukoo upya kijijini, baba kwa baba, shamba likaangukia wanawe wa Musoma. Jina la mwanamke, hata la dawa, hamna.

"Mjomba," Flora alimwambia walipokaa kibarazani, "wewe uliingia humu kwa mlango wa nani? Wa baba yako?"

"Mambo ya zamani hayo, mpwa wangu. Dunia imebadilika."

"Ilibadilika lini? Kabla hujaingia, au ulipokwisha kuingia ukafunga?"

Isaya akacheka. "Chuo kimekupa mdomo. Muulize mama yako nani kaweka dole gumba la shahidi kwenye karatasi ya kijiji."

Flora akageuka. Yuliana alikuwa anafuta kwenye khanga mikono iliyokwisha kukauka.

"Nilichoka kugombana na kaka," alisema kwa sauti ndogo. "Na wewe si utaolewa tu, uende kwa watu?"

Ndipo jiwe likaanza. Jua liko utosini, kuku wamenyamaza, kufuli liko mlangoni, na ndani ya stoo, kwaru, kwaru, mtu anasaga bila haraka, harufu ya tope la ziwa inatambaa chini ya mlango, na sauti kavu inataja majina ya akina mama, moja baada ya jingine, mpaka Nyamburi, mpaka Yuliana, halafu inakwama hapo, kama mtu aliyekosa ngazi gizani, na kuanza upya.

Katekista alikuja na maji ya baraka. Jiwe likanyamaza alipokuwapo, likaendelea alipotoka. Siku ya nne Isaya alianza kukohoa unga. Yeye mwenyewe ndiye aliyemwita mganga kutoka Bunda, mama mmoja mnene aitwaye Matiko, akaja kwa bodaboda na miwani yake ya jua.

"Huyu anayesaga humu hana dawa," Matiko alisema, akinusa mlango. "Anahesabu tumbo lake, mama kwa mama, na nyie mmemvurugia. Binti wa tumbo asage, ataje mama zake kuanzia kwake mwenyewe. Na usiruke, binti. Anayerukwa, bibi anaondoka naye."

Flora akaingia stoo, akapiga magoti mbele ya jiwe. Jiwe lilimvuta mikono, mbele, nyuma, na pembeni yake palikuwa na pumzi isiyo ya mtu yeyote aliyekuwamo, baridi, ikisubiri sikioni mwake, na mlangoni alisimama mama yake, na Flora hakuuona uso wake, aliona dole gumba lile tu, jeusi la wino, lililomfuta duniani bila hata kumwuliza.

"Mimi ni Flora," alisema. "Wa Nyamburi. Wa Nyanjura. Wa Nyangeta. Wa Nyafuru."

Jiwe likapoa. Isaya akavuta pumzi ndefu, akaichana karatasi ya kijiji kwa mikono yake mwenyewe. Matiko alimtazama Flora kwa muda mrefu, akavua miwani, akakataa kuku wa asante, akapanda bodaboda.

Flora aliingia jikoni na vipande vya karatasi mkononi. "Mama, shamba limerudi."

Yuliana aligeuka. Nywele zake zilikuwa nyeupe kwa unga, na mikono yake ilikuwa ikienda juu ya meza tupu, mbele, nyuma, kwaru, kwaru. Akatabasamu kwa adabu, tabasamu la kupokea wageni.

"Karibu, binti," alisema. "Wewe ni mtoto wa nani?"