Fundi Yuko Njiani

Umewahi kuingia kwenye kiwanda cha kufulia, kile kinachofua shuka za hospitali nzima? Kama hujaingia, jua kwamba kwanza utakutana na kelele, kisha joto, kisha harufu ya dawa ya madoa inayokukaba kooni. Asubuhi hiyo kelele hazikuwepo. Mikokoteni ya shuka ilisimama palepale ilipoachwa, na wanawake wa kupiga pasi walijipanga ukutani, aproni zimelowa, hakuna anayemtazama mwenziwe.

Maiti ilikuwa katika chumba cha boila, lile tangi la kuchemshia maji ya mvuke. Mtu wa makamo, viatu vya mpira miguuni, tambara bado mkononi. Mvuke ulikuwa umemuunguza uso na kifua. Ndiye aliyeendesha boila, na wote walimwita Baba Pacha.

Inspekta alichuchumaa. Alilitazama bomba lililopasuka, halafu akainua macho kwenye vali ya usalama, ile inayopumua mvuke ukizidi.

"Konstebo, unaona nini pale?"

"Waya, afande. Vali imefungwa kwa waya."

"Vali ile hufungwa?"

"Ikifungwa ile, afande, boila ni bomu."

Waya ulikuwa mpya, unang'aa. Roli lake lilipatikana karakana, kwa fundi wa mitambo, bwana mmoja mrefu waliyemwita Spana. Na wanawake wa pasi waliponong'ona kwamba juzi Spana na marehemu nusura wakunjane mashati uani, Spana akatiwa pingu mbele ya watu.

"Mligombania nini?" Inspekta alimuuliza kituoni.

"Alinitukana. Aliniita mvivu, nakula mshahara wa bure."

"Kwa sababu gani?"

"Eti nimeagizwa nitengeneze vali inayovuja, sitaki. Afande, sijaagizwa! Pale fundi hagusi boila bila agizo la meneja. Ukigusa, huna kazi."

"Ungekwenda kutazama tu."

Spana akainamisha kichwa. "Nilimwambia akamweleze Bi Asali. Akasema ameshamweleza, na Bi Asali amemjibu fundi yuko njiani. Fundi ni mimi, afande! Mimi nilikuwa njia gani?"

Konstebo akacheka, kisha akajikohoza.

"Waya ni wako."

"Waya unakaa mlangoni. Anayetaka anakata."

Bi Asali ndiye meneja. Jina hilo alipewa na wafanyakazi kwa utamu wa sauti yake. Lakini Inspekta alipoingia ofisini kwake alimkuta mwanamke aliyejifunga kitambaa shingoni, kila neno linamtoka kwa kukwaruza.

"Koo," alinong'ona. "Wiki ya pili hii. Daktari amenikataza kusema."

"Baba Pacha alikueleza habari ya vali?"

Akatikisa kichwa.

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja. Haki ya Mungu."

Basi mmoja wao alikuwa mwongo, marehemu au meneja. Na marehemu hahojiwi.

Mchana wataalamu wakaleta majibu. Koleo lililokatia waya, lililookotwa kando ya boila, lilikuwa na alama za vidole za mtu mmoja tu: Baba Pacha mwenyewe. Alifunga vali kwa mikono yake.

"Hata hivyo Spana abaki ndani," mkuu wa kituo alisema. "Mtu hajiui kwa ajili ya shuka."



Jioni mjane akaletwa kutambua mali za marehemu. Alikuwa Mama Pacha, mwanamke mnene mpole, kanga ya pili kaikunja begani. Alilikung'uta koti la mumewe kana kwamba atalivaa kesho. Akalikunja, akazipanga funguo juu yake. Kisha akaichukua simu na kuifungua.

"Sikiliza mwenyewe, kaka. Kusoma kulimpa shida. Yeye na meneja wake walikuwa wanatumiana sauti."

Inspekta akasikiliza. "Pole sana, Baba Pacha. Nimekusikia. Fundi yuko njiani. Wagonjwa wanasubiri shuka, shikilia kidogo tu."

Sauti laini, imenyooka, haina hata kikohozi.

"Hii ya lini, shemeji?"

"Juzi. Alikuja nayo mbio kunisikilizisha. 'Sikia mama anavyonijali!' Nikamwambia huyo mama yako anakupa pole kuliko mkeo."

Inspekta akairudia. Juzi Bi Asali hakuwa na sauti.

Kesho yake aliiweka simu ya marehemu juu ya meza ya meneja. Akabonyeza, akasema polepole: "Mimi ni Inspekta wa polisi. Mwenye simu hii amefariki."

Hata mkono hajauondoa, jibu likaingia.

"Pole sana, Baba Pacha. Nimekusikia. Fundi yuko njiani."

Bi Asali alikuwa amekaa mbele yake, midomo kaifumba. Akaziba masikio.

"Nani huyo, mama?"

"Kompyuta," alinong'ona. "Akili bandia. Wenye kiwanda walituletea sisi viongozi. Yenyewe ijibu, mimi nisikilize kila jioni na kutoa maagizo. Nikaisomea kurasa, ikaichukua sauti yangu."

"Na ulisikiliza?"

"Mwanzoni."

"Kisha?"

"Kisha watu wakawa wananishukuru koridoni. Nikadhani mambo yamekaa sawa."

"Walijua kwamba si wewe?"

Bi Asali akakikaza kitambaa shingoni.

"Mama, walijua?"

"Sikuwaambia."

"Yule mtu aliifunga vali kwa sababu uliahidi fundi. Alikuwa anaizuia isivuje, anashikilia kidogo, kama alivyoombwa. Kwa nini hukuwaambia?"

Machozi yalimtoka bila sauti. "Nilipiga nao pasi miaka mingi kabla sijapandishwa. Wakija na shida, kukubali siruhusiwi, kukataa siwezi. Ile haichoki kutoa pole. Sikutaka wanichukie, baba. Hilo tu."

"Izime."

"Sijui kuizima. Nampigia aliyetuwekea tangu jana. Napokelewa na sauti nyingine, inaniambia nisubiri."

Inspekta akaandika: uzembe uliosababisha kifo. Akayasoma maneno yale, akayaona madogo, lakini sheria haikumpa makubwa zaidi. Nje, simu ya mwanamke mmoja wa pasi ililia, naye akaiweka sikioni, akatabasamu.

Spana alifunguliwa pingu. Badala ya kwenda kwao alirudi chumba cha boila, akasimama mbele ya vali, vyombo vyote mkononi. Hakugusa kitu. Wa kutoa agizo alikuwa kwenye gari la polisi.

Inspekta alikwenda mwenyewe kwa Mama Pacha. Alimkuta ameketi kwenye mkeka, pacha wake wamelala huku na huku mapajani. Akamweleza yote, taratibu, kama mtu anayevuka mto wenye mawe ya kuteleza.

"Kwa hiyo hakuwepo mtu," mjane alisema.

"Hakuwepo, shemeji. Pole sana."

Mama Pacha akawafunika watoto. Inspekta akaanza kuinuka.

"Pole mimi nilimpa kila siku, kaka, hazikumpungukia. Mimi nilitaka atokee mtu mmoja amwambie hapana. Hapana, Baba Pacha, fundi haji. Angekasirika. Angetukana, angeitupa aproni yao, akarudi nyumbani."