Amri ya Arobaini na Mbili

Kitabu cha mwongozo kilikuwa na amri arobaini na moja. Mchezo wenyewe ulikuwa na arobaini na mbili.

Mhariri alihesabu upya, kidole juu ya kioo cha kompyuta. Kazini kwake alihariri vijitabu vya maelekezo ya majiko ya umeme na mashine za kufulia, na kwa miaka kumi na minne hakuwa ameruhusu sentensi iingie kitabuni kabla ya kuijaribu kwa mkono wake mwenyewe. Kazi hii ya sasa ilikuwa ya nyumbani. Mchezo huo aliutunga marehemu baba yake pamoja na rafiki yake, enzi ambazo kompyuta hazikuwa na picha: mchezaji anasoma kwenye kioo cheusi kwamba amesimama ndani ya shimo refu chini ya ardhi, anaandika "nenda kaskazini" au "chukua taa", na maandishi yanamjibu. Watu kama mia tatu walikuwa bado wanaucheza. Walikuwa wameiomba familia mwongozo mpya, maana ule wa zamani ulitolewa nakala juu ya nakala hadi herufi zikaanza kumeguka.

Amri iliyokosekana kitabuni ilikuwa "lisha".

"Mzee kasahau," alisema mdogo wake, ambaye nyumbani alikuwa bado anaitwa Kitindamimba ingawa ndevu zake zilishaingia mvi. Alisimama mlangoni akipiga mswaki.

"Baba hakuwa mtu wa kusahau."

"Basi alichoka. Hata wewe dada utachoka siku moja, na sisi tupumzike."

Mhariri aligeukia kioo. Utaratibu wake ulikuwa mmoja: kila amri hujaribiwa na kila kitu. Akaandika "lisha taa". Mchezo ukajibu: *Hicho hakina njaa.* Akaandika "lisha kamba", "lisha popo", "lisha mlango". Jibu lilikuwa lile lile, na kila jibu alilipigia alama kwenye daftari.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, mama yao aliita kutoka chumba cha mwisho. Mkono wake wa kulia ulikuwa umelala tangu apatwe na kiharusi, na alilishwa kwa kijiko. Daktari alikuwa amesema waziwazi: akila atainuka, asipokula, hafiki mwisho wa mwezi. "Nakuja, Mama!" mhariri aliitikia, na vidole vyake, badala ya kufuata orodha, vikaandika kilichokuwa kichwani: "lisha mama". Aliliona kosa baada ya kubonyeza.

Mchezo ulikawia. Kisha ukaandika: *Sawa. Nimeanza.*

Alicheka kidogo. Akaandika daftarini: "Mchezo unakubali neno 'mama'. Sababu haijulikani." Akaenda kupasha uji.

"Sitaki, nimeshiba," Mama alisema.

"Umeshiba nini, na nani kakulisha?"

"Si wewe? Umetoka hapa sasa hivi. Ila leo mikono yako imelowa, mwanangu. Uwe unajifuta."

Chumbani mlinuka kama mtaro ulioziba. Kidevuni mwa Mama palikuwa na uzi wa ute wa kijivu, kama njia ya konokono. Mhariri aliufuta kwa kitambaa. Ukavutika, ukavutika tena, haukukatika hadi alipoukata kwa mkasi.

Tangu siku hiyo Mama hakugusa chakula chao. Mashavu yalibonyea na mifupa ya mabega ikatokeza, lakini tumbo lilijaa na kukaza kama ngozi ya ngoma. Kila siku, saa nne asubuhi, saa saba mchana na saa kumi na mbili jioni, kutoka chumba cha mwisho ilisikika sauti ya kutafuna polepole, ya kinywa kilicho wazi, na baada yake sauti ndefu ya kulamba. Kitindamimba alipaka dawa ya choo ukuta mzima, akachoma udi, akaangalia chini ya kitanda mara tatu.

"Panya wafu," alisema, ila kwa sauti ya chini.

"Panya wafu hawatafuni," dada yake alinong'ona.

Siku ya nane mhariri alibeba kiti akaenda kukaa kando ya kitanda. Saa saba ilipofika, jua likiwa limeingia dirishani na kumulika shuka lote, aliona taya ya mama yake ikishuka yenyewe, taratibu, kama inayobembelezwa, midomo ikavutwa pembeni na vidole ambavyo havikuonekana ila kwa alama nne zenye maji zilizobonyea shavuni, na koo likaanza kumeza, likavimba, likashuka, likavimba tena, huku Mama akimtazama kwa macho ya mtoto aliyeridhika. Naye, kwa kuwa hakuweza kupiga kelele wala kukimbia, akafanya kitu pekee alichokijua, kuhakikisha kwa mkono wake mwenyewe, akaingiza vidole viwili kinywani mwa mama yake, akashika kitu cha uvuguvugu kinachoteleza, akavuta.

Kilitoka fundo la nywele zilizolowa, na ndani yake kucha, na mkia wa mjusi, na kitu laini cheupe ambacho hakutaka kukitambua. Vyote vilikuwa vimeshatafunwa. Mtu alikuwa amemtafunia kwanza, kama mama anavyomtafunia mtoto asiye na meno.

Alitapika kwenye beseni, akakimbilia kompyuta. Akaandika "acha".

*Kwa nini? Anakula vizuri.*

Ndipo alipompigia simu Fundi, rafiki wa baba yake, yule aliyetunga naye mchezo. Mzee alifika kabla ya saa kumi. Harufu ilimpokea kizingitini; akatoa leso, akaziba pua, na machozi yakamtoka papo hapo.

"Nani kaandika amri ile?" aliuliza.

"Mimi, baba. Haikuwa kitabuni. Nilidhani imesahaulika."

"Haikusahaulika. Mimi na baba yako tuliiacha nje makusudi." Aliketi. "Mlipokuwa wadogo, nyinyi wawili mlikataa kula. Mlikonda, matumbo yakavimba, na harufu ilikuwa hii hii. Baba yako akamleta mganga. Mganga akasema huyu ni jini mlezi. Hana chuki na mtu. Anapenda kulisha, basi, na hawezi kukaa bila kinywa cha kulisha. Hafukuzwi, hupewa pa kukaa na jina la mtu mmoja wa nyumba wa kumlisha."

"Mkampa wapi?" Kitindamimba aliuliza.

"Mle shimoni. Tulimwandikia chumba kisicho na mlango, mahali ambapo mchezaji hafiki. Na jina, baba yako aliandika lake."

Mhariri ndiye aliyetunza vitu vya familia: vyeti, kadi za hospitali, picha zilizoandikwa tarehe nyuma. Zilikuwepo picha ishirini na tatu za baba yao tangu mwaka ule. Katika zote hakufumbua mdomo. Nyuma ya mojawapo yeye mwenyewe, akiwa msichana, alikuwa ameandika: "Baba kanuna kama kawaida."

"Alituambia ni vidonda vya tumbo," alisema.

"Miaka kumi na tisa alimeza. Alipokufa, yule akabaki bila kinywa, akisubiri kuitwa." Fundi alijipangusa. "Andika 'lisha fundi'. Mimi nimeshaishi."

Aliandika. Mchezo ukajibu: *Huyu si wa nyumba hii.*

Chumba cha mwisho kilianza kutafuna, ingawa saa yake haikuwa imefika.

"Niandike mimi, dada," Kitindamimba alisema. Alijaribu kucheka. "Unanijua, sichagui chakula."

"Nenda kamshike Mama, asije akaanguka."

"Dada."

"Nenda, nimesema. Hata leo unataka tubishane?"

Alipoondoka, mhariri alifungua mwongozo mpya, akaufuta ukurasa wa "lisha" na alama zake zote, akapanga namba upya zikaishia arobaini na moja. Kisha akaufungua mchezo, akaandika "lisha binti", akaisoma mara mbili kama alivyosoma kila kitu, akabonyeza.

*Sawa.*

Kule chumbani Mama aliinuka kwa mkono mmoja, akatapika. Alitapika nywele kamba nzima, magamba, ute, vipande vya ngozi vilivyokunjwa kama makaratasi, vikajaza beseni na kumwagikia miguu ya Kitindamimba, naye hakumwachia. Tumbo likashuka. Harufu ikatoka chumbani kama mtu aliyeitwa kwingine.

"Nina njaa, wanangu," Mama alisema.

Kitindamimba alilia na kucheka, akakimbilia jikoni. Mama alikula uji kwa mkono wake wa kushoto, vijiko sita, akimwaga nusu na kujisema mwenyewe kwa kumwaga. Akamwona binti yake amesimama ukutani, akajaza kijiko cha saba, akamnyooshea.

"Wewe umekonda kwa ajili yangu. Njoo, kula hata kidogo. Fungua mdomo, mama."

Mhariri alitikisa kichwa. Alitabasamu bila kuachanisha midomo, kwa kuwa nyuma ya meno yake kitu cha uvuguvugu chenye nywele kilikuwa kimeshaingia, na vidole vyenye maji vilikuwa vimemshika taya kwa upole mwingi, vikisubiri ameze.