Bwawa la Rangi

Jua lilikuwa linazama Eunice alipochukua ndoo kwenda kisimani, ng'ambo ya kilima nje ya mji wa Tarime. Mama mkwe wake, Boke, alikuwa na homa na alilalamikia kiu.

Eunice alikuwa amechoka. Akapita njia ya mkato, akapenya ukuta uliobomoka wa kiwanda cha nguo kilichofungwa zamani. Nyuma ya kiwanda kulikuwa na bwawa ambamo zamani yalimwagwa maji ya rangi. Watu walikatazwa kuchota pale. Lakini mvua ilikuwa imenyesha, na maji ya juu yalionekana safi.

Harufu ilimpokea kwanza. Kutu... na yai viza.

Kisha akasikia. Pwaa... pwaa...

Mtu anafua.

Mwanamke mrefu, mwembamba, alikuwa ameinama ng'ambo ya bwawa, amempa mgongo. Mikono yake ilikuwa ya bluu hadi viwikoni. Eunice alimwamkia. Kisha akachota maji, akajaza ndoo.

"Unampelekea nani?" mwanamke alinong'ona bila kugeuka.

"Mama mkwe. Anaumwa."

"Hata mimi nililetewa haya haya."

Eunice aliinama kushika ndoo. Alipoinua macho...

Hapakuwa na mtu.

Alikimbia. Lakini maji hakuyamwaga. Kisima kilikuwa mbali, giza linaingia, akajiambia atayachemsha.

Aliyachemsha. Boke akanywa kikombe kizima, akamshukuru, akamwita "binti yangu".

Asubuhi ulimi wa Boke ulikuwa wa bluu. Kucha pia. Hakusema tena neno. Kabla ya wiki kwisha walimzika.

Nchagwa, mume wa Eunice, hakuuliza habari za maji. Yeye na ndugu zake walimtaja Waisiko, mjane wa jirani, aliyewahi kugombana na marehemu. Wakasema ndiye aliyemroga. Wakamwamuru ahame.

Eunice alisimama mbele yao, Waisiko akisikia. Akaeleza yote: bwawa, mwanamke, kikombe.

Nchagwa alimtazama kwa huruma.

"Mmeona?" aliwaambia wenzake taratibu. "Hata mke wangu kamvuruga akili."

Waisiko aliondoka jioni ile, godoro kichwani. Eunice alimfuata, akaomba amsaidie kubeba. Waisiko alikataa. Aliuliza tu yule mwanamke wa bwawani alikuwa na umbo gani. Eunice akamweleza.

Waisiko alifumba macho.

"Kumbe bado yupo," alisema. "Naye alikufa ulimi ukiwa wa bluu."

Sasa Nchagwa amempa Eunice shamba aliloliacha Waisiko. Analilima kila siku. Mahindi yamestawi, majirani wanampa pole ya msiba, na hakuna hata mmoja anayemlaumu.