Nilidhani Kizazi Kikifungwa Hufunguliwa

"Dada, hakuna cha kufungua hapa."

Daktari alitamka hivyo mume wangu akiwa kando yangu, amenishikia mkoba kama bwana harusi!

"Hakuna kivipi, daktari? Si walifunga? Basi wafungue!"

"Mirija yako ilikatwa, vipande vikaondolewa. Kufunga kizazi ni uamuzi wa kudumu. Hukuelezwa?"

Nyie... nilihisi kiti kinazama na mimi!

Mume wangu akasimama. Akaniwekea mkoba mapajani, taratibu kabisa.

"Kumbe miaka yote hii unanichezea akili?"

"Mume wangu, haki ya Mungu sikujua!"

"Mtu akatwe tumboni asijue?"

Akatoka. Daktari alikuwa bado anaongea, lakini mimi nilishaanza kumkimbilia mume wangu. Hadi getini hakugeuka.

Ngoja niwarudishe nyuma, wapendwa.

Mimi ni fundi cherehani. Nina binti mmoja. Uchungu wa mimba ya pili ulinikuta mume wangu, dereva wa malori, yuko safarini. Mama mkwe ndiye aliyenikimbiza hospitali. Kwenye teksi damu ilitoka mpaka kiti kikalowa.

"Kizazi kimepasuka," daktari wa zamu akasema. "Tunaingia chumba cha upasuaji sasa hivi."

Akaongeza maneno mengine mengi. Mimi nilikuwa naona mdomo wake tu unacheza.

Mama mkwe akaniinamia sikioni.

"Wanataka kukufunga kizazi, mwanangu. Ni kwa muda tu, upone. Kilichofungwa hufunguliwa. Kubali."

"Umeelewa, dada?" daktari akauliza.

"Nimeelewa. Mama kanieleza."

Mtoto hakulia. Wa kiume, walisema.

Ndiyo maana siku ile ya getini sikwenda nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja kwa mama mkwe, nimewaka moto! Nilimkuta anakunja nguo kitandani.

"Mama, ulijua hakifunguliki?"

Akaendelea kukunja.

"Mama! Ulijua?"

"Nilijua."

"Nilikukosea nini mimi?!"

Akaliweka shuka chini.

"Daktari alisema kizazi chako kitashonwa, lakini mimba nyingine itakuua. Na wewe ulikuwa umenishika mkono unasema, 'Mama, nikipona nitakuzalia wengine.' Ningekuambia ukweli, ungekataa."

"Kilikuwa changu, mama! Ungeniachia niamue mwenyewe!"

"Mjukuu nilijua ameshaondoka. Sikutaka kuzika wawili kwa siku moja."

Nikakaa sakafuni kama mtoto. Mwanamke niliyekuja kumtukana alinitoa kaburini... kwa uongo.

"Basi mwambie mwanao," nikamsihi. "Mpigie simu! Akijua ningekufa, atarudi."

Mama mkwe akanitazama kwa huruma iliyonitisha.

"Nilimwambia kitambo, mwanangu."

"Lini?"

"Mwaka jana, alipoanza kukudai mtoto. Nilimweleza yote."

Kwa hiyo pale kwa daktari alikuwa anaigiza! Alinipeleka apate sababu ya kuondoka mbele ya shahidi!

"Ulipomwambia ningekufa... alisema nini?"

"Usiniulize."

"Mama, alisema nini?"

"Alisema... heri ungejaribu."

Jamani.

Ameoa. Mke ni mjamzito. Mimi na binti yangu tumepanga chumba kimoja, cherehani iko mlangoni ili ipate mwanga. Mama mkwe huja, hukaa, hatuzungumzi sana. Sijui nimshukuru au nimlaani.

Dada unayesoma hapa, kufunga kizazi si kitu kibaya. Hedhi itaendelea, na ndoa ina raha yake ile ile. Wengi wamefunga kwa hiari na wanaishi kwa amani. Lakini ni kwa kudumu! Kuunganisha tena mirija ni kubahatisha, na wengine hata hiyo bahati hawana. Usikubali kuelezwa na mume, mama wala shoga. Muulize daktari wewe mwenyewe, na usipoelewa muulize tena, hata akikunja uso.

Watu wananiambia, "Shukuru, uko hai."

Nawaitikia ndiyo. Halafu narudi kwenye cherehani, nashona nguo za watoto wa watu.