Zizi la Kitwitwi

Kulipokucha, Weris alikuwa ameshakamua mbuzi wote. Chai ya maziwa ilichemka jikoni, na mumewe Bare alikuwa akiwafungulia ngamia. Kazi zilikuwa zile zile za kila asubuhi. Ila siku hizi Weris alizifanya mbio mbio, kama mtu anayengojewa mahali.

"Unakimbilia wapi?" Bare aliuliza, ingawa alijua vizuri.

"Mtoni. Leo zamu ni yangu."

"Zamu ya kuangalia ndege!" Bare alicheka mpaka ngamia mmoja akageuza shingo. "Mama wa watoto watano anaamkia ndege. Wallahi, ningejua ningekuposa kwa darubini."

"Ningeichukua nikutazame wewe kwanza," Weris alijibu. "Halafu ningekataa."

Familia hii iliishi nje kidogo ya mji wa Garissa, karibu na Mto Tana. Mifugo yao ilishuka mtoni kwa njia inayoitwa malka. Malka hupita katikati ya mashamba mpaka kwenye maji. Si mali ya mtu mmoja. Kila mfugaji ana haki ya kuipita, awe wa hapa, awe ametoka mbali.

Wakati wa jilaal, yaani kiangazi kikali, mto hupungua na mchanga hujitokeza. Hapo ndipo kitwitwi hutaga. Kitwitwi ni ndege mdogo wa ukingoni mwa maji, mwenye miguu myembamba na mbio za ajabu. Hajengi kiota cha majani. Anafukua kijishimo mchangani, anataga mayai yenye rangi ya mchanga, basi. Ukipita bila kuangalia, utayakanyaga na hutajua.

Na ndivyo ilivyokuwa mwaka uliopita. Wanakijiji waliojitolea kuwalinda ndege walihesabu viota sita pale kwenye malka. Hakutoka kifaranga hata mmoja. Mwaka huu walipata viota vitatu tu, na viwili vilikwisha chini ya kwato wiki ya kwanza. Kilibaki kimoja, chenye mayai matatu. Hicho kikikanyagwa, mwaka wa pili ungepita bila kifaranga. Weris ndiye aliyepewa kukiangalia asubuhi.

Alimpenda sana ndege yule. Tuseme ukweli, alimpenda kupita kiasi.

Asubuhi hiyo alipofika mtoni, aliona nyayo za mbuzi hatua mbili kutoka kwenye kiota. Aliinama haraka kuangalia. Mayai yalikuwa salama, lakini kesho je? Weris aliwaza. Mfugaji akitaka kulinda watoto wa mbuzi, anafanya nini? Anawajengea zizi!

Akachukua panga. Akakata matawi ya miiba, akayaburuta mchangani, akakizungushia kiota ua uliofika kiunoni. Akaushindilia vizuri, hata sungura asingepenya. Alipomaliza, vidole vilikuwa vimechomwa na miiba na jasho lilikuwa linamtiririka, lakini alikuwa amejaa furaha.

"Sasa nani atakugusa?" alisema kwa sauti.

Baada ya muda alifika Gumato. Huyu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na ndiye aliyewaongoza wanaojitolea. Alikuwa na darubini shingoni na daftari mkononi.

"Mama Filsan, salaam aleikum," alimsalimu Weris, akimwita kwa jina la mwanawe wa kwanza.

"Aleikum salaam, abaayo, dada yangu! Njoo uone kazi yangu!"

Gumato aliona. Aliangalia huku na huku. Kisha akauliza taratibu, "Na ndege yuko wapi?"

Weris aligeuka. Kitwitwi alikuwa mbali, kwenye mchanga wenye unyevu. Alikimbia huku, akakimbia kule, akilia. Alisogea karibu na ua, akasimama, akarudi nyuma. Na juu ya tawi refu la miiba alikuwa ametua kunguru. Aliinamisha kichwa, akatazama ndani ya ua kama mtu anayechungulia sufuria.

"Hoi! Hoi!" Gumato alipiga kelele akikimbia. Alichelewa. Kunguru alishuka, na alipopaa alikuwa na yai mdomoni.

Weris alikaa chini mchangani. "Subhanallah. Abaayo, nimefanya nini?"

"Tutoe miiba kwanza. Maneno baadaye."

Waliiburuta miiba yote mbali. Jua lilikuwa limeshapanda, na mchanga ulichoma miguu. Mayai mawili yalibaki pale, wazi kabisa. Weris alivua shuka lake la mabegani ili ayafunike.

"Usiguse," Gumato alimzuia. "Ukiyagusa, ukisimama hapa, mama hatarudi. Twende."

Walienda hatua hamsini, wakakaa kwenye kivuli. Hapo Gumato alianza kueleza, bila ukali.

"Mtoto wa mbuzi analindwa na ukuta, Mama Filsan. Huyu ndege analindwa na macho yake. Anataka aone mbali, kila upande. Akimwona adui mapema, anakimbia, na mayai yanafanana na mchanga, hayaonekani. Wewe umemfunga macho. Tena umempa kunguru mahali pa kukaa."

"Mimi nimetaka kusaidia," Weris alisema. Machozi yalimlengalenga.

"Najua. Mimi mwaka wa kwanza niliweka bendera nyekundu karibu ya kiota. Watu wote wakaja kuangalia bendera! Kiota ikakanyagwa na watu." Gumato alicheka, na Weris akacheka kidogo pia.

Lakini ndege hakurudi. Walingoja. Weris alikaa roho mkononi. Kitwitwi alikimbia mpaka kwenye maji, akaingia, akatikisa tumbo majini.

"Mungu wangu, anaoga!" Weris alinong'ona. "Watoto yake inaungua, yeye anaoga!"

"Tulia. Angalia."

Kitwitwi alitoka majini, manyoya ya tumbo yakidondosha maji. Akakimbia moja kwa moja mpaka kwenye mayai. Akayalalia kwa tumbo lile lililolowa, akayapoza. Weris alifunika mdomo kwa mikono miwili. Akalia, akacheka, vyote kwa pamoja.

"Na mbuzi je?" aliuliza baadaye. "Bila zizi, watakanyaga."

"Ndege tumwachie uwazi. Mifugo ndiyo tuisogeze. Malka ni pana. Wanyama wanywe upande wa chini, mbali na kiota. Sisi tusimame juu ya njia wakati wa kunywesha, tuwaonyeshe watu. Na mifupa na mabaki ya chakula tusitupe hapa, maana yanaita kunguru. Bado siku kumi na mbili mayai yaanguliwe."

Jioni Weris alimweleza Bare kila kitu, hata habari ya zizi. Bare alisikiliza, akakunja uso.

"Malka haifungwi, Weris. Hata babu zetu hawakuifunga."

"Hatufungi. Tunashuka chini kidogo tu. Maji ni yale yale."

"Ngamia wangu wanajua njia yao."

"Basi wafundishe nyingine. Au wao ndio wanaokuchunga wewe?"

Kesho yake mbuzi wa Bare walinywa upande wa chini. Majirani nao walielekezwa. Mmoja wao, Mzee Abdinoor, alinung'unika, kisha akakubali. Weris aliendelea na zamu yake, hatua hamsini kutoka kwenye kiota. Kila jioni alimsimulia mumewe mambo ya kitwitwi, apende asipende. Alimwambia jinsi mama anavyojifanya amevunjika bawa ili adui amfuate yeye. "Ukimwona anaburuta bawa," alisema, "jua watoto wako karibu na miguu yako." Bare alijifanya amelala.

Siku ya kumi na mbili, Weris na Gumato walitazama kwa zamu katika darubini. Vifaranga wawili walikuwa wametoka! Walikuwa wadogo kuliko limau, na manyoya yao yalikuwa yameshakauka. Na kumbe vifaranga hawa hawakai kiotani. Walisimama, wakayumba, wakaanza safari. Waliteremka moja kwa moja upande wa chini, kule kule mifugo ilikoelekezwa kunywa. Wao hakuna aliyewaambia mpango wa malka.

Wakati huo huo vumbi lilitimka juu ya njia. Ngamia wa Bare walikuwa wanakuja. Walikuwa na siku saba bila maji, na walishanusa mto. Bare alikuwa mbele yao na fimbo yake.

"Bare! Simama!" Weris alipiga kelele, akaanza kukimbia. Upepo ulipeleka sauti yake kwingine.

Lakini Bare alikuwa ameona kitu. Mbele yake kitwitwi alikuwa akiburuta bawa mchangani, akilia kwa uchungu. Bare alisimama ghafla, mguu mmoja ukiwa bado hewani. Akainua fimbo kwa mikono miwili. "Hoo! Hoo!" aliwaamuru ngamia. Walisukumana, wakaguna, wakampumulia shingoni. Lakini walisimama.

Bare akatazama chini. Chini ya mguu wake alioinua, kifaranga alikuwa amejilaza mchangani, kimya, macho wazi. Wa pili alikuwa hatua moja pembeni.

"Weris!" Bare aliita, akiyumba kwa mguu mmoja. "Njoo haraka! Nikanyage wapi?"

"Usikanyage popote!"

"Nitaanguka!"

"Anguka kwa nyuma!"

Gumato alicheka mpaka darubini ikamtoka mkononi. Kitwitwi mama aliacha kuigiza, akaita mara mbili kwa sauti laini. Vifaranga wakainuka, wakatimua mbio kwa vijiguu vyao, wakapita mbele ya pua za ngamia mpaka kwenye nyasi za ukingoni. Hapo ndipo Bare alipoweka mguu chini. Uso wake mzima ulikuwa kicheko. "Mashallah," alisema. "Wameniona mimi mti."

Kabla ya mvua, wafugaji walikutana, wakakubaliana. Kila jilaal, tangu yai la kwanza lionekane mpaka vifaranga wa mwisho wakimbie, mifugo itanywa upande wa chini, na mtu mzima atatangulia kwa miguu akiangalia mchanga. Hakuna ua, hakuna bendera, hakuna kugusa mayai.

Jilaal iliyofuata walihesabu viota vitano. Asubuhi moja alifika mfugaji mgeni kutoka Sangailu na ngamia arobaini. Bare alikuwa ameamka kabla ya Weris, na sasa alikuwa amesimama katikati ya malka.

"Pitia chini, walaal, ndugu yangu," alimwambia mgeni. "Huku kuna wenyewe."

Mgeni alitazama. "Mimi naona mchanga tu."

"Hata mimi nilikuwa naona mchanga tu," Bare alisema. "Nywesha ngamia kwanza, halafu kuja tukae kwenye kivuli. Nitakuonyesha."

Weris aliyasikia hayo kutoka pale alipokaa na daftari. Hakumtania. Alifungua ukurasa wa zamu, na chini ya jina lake akaandika la mumewe.